Kakangu ana sonona, na rafiki yake anamuuzia uyoga

Kwako Shangazi,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Donholm. Tangu Januari naishi pia na kakangu mdogo, kitinda mimba wetu, mwenye miaka 27. Ni yeye aliyenifanya nikuandikie.

Kakangu ana mkono wa kuchora. Alikuwa ameajiriwa katika duka la uchapishaji River Road, anatengeneza kadi za harusi, mabango ya mazishi na kalenda za makanisa, na wateja walikuwa wakiingia wanamuulizia kwa jina. Mwaka jana aliacha kazi akasema anafungua duka lake. Shangazi, bidii aliyokuwa nayo wakati ule sijapata kuiona kwa mtu. Alikuwa akilala kwa muda wa saa mbili tu, siku nyingine halali kabisa, na asubuhi ana mpango mpya. Alichukua mikopo ya simu, akakopa kwenye Sacco akidhaminiwa na marafiki, akanunua mashine mbili ilhali alihitaji moja. Ananipigia saa tisa usiku kunieleza jinsi atakavyochapisha vitabu vya shule vya Afrika Mashariki nzima. Ukimkatiza, anawaka. Sisi sote tulisema kijana ameamka. Baada ya mwezi hivi nguvu zikamwisha, wateja hawakuja, na mashine zikachukuliwa na waliomdai.

Tangu hapo amekuwa mtu mwingine. Analala ameelekea ukutani mchana kutwa. Haogi mpaka nimsukume. Chakula kinapoa mbele yake. Mwezi wa tatu nilimpeleka kwenye kliniki moja ya kibinafsi mtaani kwetu. Daktari alimuuliza kama analala na kama anakula, akasema ni sonona, akampa tembe za fluoksetini, dawa ya sonona, tukatoka. Kakangu alizimeza kwa siku chache, akalalamika kwamba zinamwasha ndani kwa ndani, hawezi kukaa wala kusimama, akaziacha. Hatukurudi.

Sasa kuna rafiki yake wa zamani anayeishi Kilimani. Huyo anamwambia kuna uyoga uliokaushwa unaoponya sonona kwa usiku mmoja. Anauuza pia ndani ya chokoleti, na mwingine ameutia kwenye vidonge vya kumeza kidogo kidogo kila asubuhi. Wanapanga kikao katika nyumba ya kukodi upande wa Ngong, watakesha huko pamoja na mtu wa kuwaongoza, shilingi 25,000 kila mmoja. Kakangu anaomba nimtolee hizo pesa kwenye mgao wangu wa chama. Amenionyesha kwenye simu habari za vyuo vikuu vya Marekani na Uingereza ambako wagonjwa wanapewa uyoga huo. Anasema tembe ni kemikali za wazungu, lakini uyoga umeumbwa na Mungu na wazee wa Meksiko wameutumia tangu kale.

Mama yuko Murang'a. Aliposikia alilia, akasema huo ni uchawi, na anataka kijana apelekwe kanisani akeshewe kwa maombi. Pia amenionya nisithubutu kumpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa sababu kaka yake, yaani mjomba wetu, alilazwa huko zamani na watu wakatuita ukoo wa vichaa.

Kuna jambo jingine. Wiki jana alimpa mwanangu wa kwanza kalamu zake zote za kuchorea, zile za bei ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Akamwambia, "Wewe utazihitaji kuliko mimi." Mtoto alifurahi. Nilipomuuliza, alisema amechoka tu, na kwamba uyoga ndio mlango wa mwisho anaoubisha.

Nimpe hizo pesa? Nikimnyima akajidhuru, nitajisamehe vipi? Nikimpa ukamharibu akili, nitamwambia mama nini?

Dada mtu, Donholm

*

Mwanangu,

Pesa hizo usitoe. Nitakueleza kwa nini, lakini tuanze na zile kalamu, maana haziwezi kungoja.

Mtu aliyezama katika huzuni kwa miezi, kisha akaanza kugawa vitu anavyovipenda na kutaja mlango wa mwisho, huenda anafikiria kujiua. Muulize leo, na utamke neno lenyewe: "Umefikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba kuuliza ni kumpandia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo ilivyo. Anayeulizwa kwa upole mara nyingi hushusha pumzi, kwa sababu hatimaye kuna mtu wa kumwambia. Akikubali, muulize kama amepanga namna na wakati. Akiwa amepanga, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Ondoa nyumbani sumu za wadudu na dawa zote za akiba, kisha mwende hospitali yenye idara ya dharura. Kutoka kwako, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ni karibu. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Wapigie hata wewe mwenyewe, kwa ajili yako.

Tena asikufiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Nilifurahi sana siku ile. Nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kwa miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hapa, na kifungu hicho kiliwafunga midomo watu waliokuwa wakihitaji kusema.

Sasa nirudi kwenye sehemu ya barua yako uliyoipita haraka. Umeusimulia ule mwezi wa bidii kama wakati mzuri uliotangulia ugonjwa. Mimi naona huenda ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Kulala kwa saa mbili bila kuonekana amechoka, mipango isiyokwisha, mikopo juu ya mikopo, mashine mbili, simu za saa tisa usiku, kuwaka akikatizwa: hiyo ndiyo picha ya mania, yaani msisimko wa akili uliopita kiasi. Mania ikifuatwa na huzuni nzito kama hii, daktari hushuku ugonjwa wa baipola, ambao humpandisha mtu kupita kiasi kisha ukamporomosha. Ongeza mjomba aliyelazwa, kwa sababu baipola mara nyingi hufuata damu. Sisemi anao, kwa barua hakuna anayepimwa. Lakini mtu alipaswa kumuuliza, "Umewahi kuwa na wakati ambao hukulala na hukuchoka?" na kwenye ile kliniki hakuulizwa.

Swali hilo lingebadilisha dawa. Fluoksetini na tembe za aina yake zikitolewa peke yake kwa mwenye baipola zinaweza kumchochea, zimnyime utulivu, hata zimrudishe kwenye mania. Kule kuwashwa ndani kwa ndani kulikuwa habari muhimu kwa daktari. Wala mtu mwenye sonona ya kawaida hapati nafuu kwa siku chache, maana tembe hizo huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo kakako akikwambia kwamba dawa za hospitali zimemshinda, mjibu kwamba bado hajapewa dawa ya ugonjwa wake, kwa kuwa ugonjwa wenyewe haujajulikana.

Kuhusu uyoga, habari alizokuonyesha ni za kweli, na ningekukosea kama ningekwambia vingine. Ndani ya uyoga huo mna kitu kinachoitwa silosaibini. Mwanakemia wa Uswisi, Albert Hofmann, alikitenga mwaka 1958. Mwilini hugeuka kuwa silosini, nayo hushika vipokezi vya serotonini, kemikali inayohusika na hisia, kwenye ubongo. Kwa saa kadhaa mtu huona maruweruwe, hisia zilizofungwa hufunguka, na wengine hutoka humo wakijitazama upya. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wagonjwa 24 wa sonona walipewa dozi mbili pamoja na mazungumzo ya tiba, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mwezi mmoja baadaye dalili za 17 kati yao zilikuwa zimepungua kwa nusu au zaidi. Australia, tangu Julai 2023, imewaruhusu madaktari wa akili wenye kibali maalumu kuwaandikia silosaibini wagonjwa wa sonona ambao dawa nyingine zimewashinda. Nayafuatilia haya kwa matumaini ya dhati. Nimewauguza watu ambao kila dawa iliyokuwa kabatini ilijaribiwa ikashindwa, na siwezi kudharau kitu kinachoweza kuwainua watu kama hao.

Lakini soma na yale ambayo muuzaji hakuyatia kwenye chokoleti yake. Kabla ya kupewa chochote, kila mgonjwa katika majaribio hayo alichunguzwa na kuhojiwa kirefu. Mwenye baipola au skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie na kuamini yasiyokuwepo, aliachwa nje. Majaribio mengine yaliwaacha hata wale ambao jamaa zao wa damu wana magonjwa hayo, kwa kuwa silosaibini inaweza kuamsha mania au kumtoa mtu kabisa kwenye uhalisia. Kakako, kwa mwezi ule mmoja na kwa mjomba yule mmoja, huenda asingepita mlangoni. Mtu wa Kilimani amemuuliza swali gani zaidi ya pesa?

Waliopita mlango huo walipewa kipimo kinachojulikana, kilichotengenezwa maabara. Walilazwa kwenye chumba tulivu, macho yamefunikwa, muziki unapigwa, na watu waliofunzwa wakakaa nao mpaka maruweruwe yalipokwisha. Kule Johns Hopkins kila mgonjwa alipata karibu saa 11 za mazungumzo, kabla na baada. Uyoga mkavu wa kwenye mfuko hauna kipimo: mmoja unaweza kuwa na nguvu mara kadhaa kuliko mwenzake uliochumwa pamoja nao. Na kuna uyoga mdogo wa kahawia unaofanana nao ambao una sumu ya kuua ini.

Hata kwa ulinzi wote huo, hakuna aliyeahidiwa kupona kwa usiku mmoja. Jaribio kubwa lililochapishwa Novemba 2022 lilikuwa na wagonjwa 233 katika nchi 10. Wiki tatu baada ya dozi moja ya miligramu 25, asilimia 37 walikuwa wamepata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 18 ya waliopewa miligramu moja tu. Kufikia wiki ya 12, waliokuwa bado na nafuu hiyo katika kundi la miligramu 25 walikuwa asilimia 20. Wengi waliumwa kichwa au walichafukwa na roho, na katika makundi yote kulikuwa na waliopata mawazo ya kujiua au kujidhuru. Hao walikuwa na daktari karibu. Mwanangu, kijana ambaye wiki jana aligawa kalamu zake asipelekwe Ngong usiku kukaa na mtu asiyemjua, mlango umefungwa, akili imefunguka.

Vile vidonge vya kila asubuhi sitavisemea sana. Jaribio moja la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021, lenye washiriki 191, lilionyesha kwamba waliomeza vidonge vitupu bila kujua walipata nafuu sawa na waliomeza vya kweli.

Na wazee wa Meksiko? Aliyejulikana zaidi ni mama mganga wa kabila la Wamazateki, María Sabina, wa mji wa Huautla katika jimbo la Oaxaca. Alikesha na wagonjwa, akiwaombea na kuwaimbia, kwa miiko aliyoikuta kwa waliomtangulia. Baada ya gazeti la Marekani kuandika habari zake mwaka 1957, wageni walifurika kutafuta uyoga, polisi wakamwandama, na nyumba yake ikachomwa moto. Kakako akitaka kuwaheshimu wazee hao, azingatie kwamba kwao uyoga ulitolewa na mtu anayemjua mgonjwa, na haukuuzwa kwa kichwa.

Kisheria, silosaibini imepigwa marufuku Kenya chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994. Polisi wakiingia kwenye nyumba ile ya Ngong, ataongeza kesi juu ya madeni.

Sasa utamwambia nini? Usimwambie ni uchawi, na usimcheke. Ametafuta, amesoma, na mtu anayetafuta tiba bado ana sehemu yake inayotaka kuishi. Shika sehemu hiyo. Mwambie hivi: "Nimezisoma zile habari zako. Madaktari wale kabla ya kumpa mtu uyoga humuuliza kama aliwahi kukaa bila kulala na bila kuchoka. Mimi nakumbuka mwezi ule wa mashine. Twende na sisi tuulizwe hilo swali." Halafu nenda naye, ukae naye ndani kama atakuruhusu, kwa sababu mwenye mania mara nyingi hukumbuka furaha yake tu, mikopo na hasira wanakumbuka wa nyumbani.

Mpeleke kliniki ya wagonjwa wa nje ya Mathari, pale Thika Road, au idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Kenyatta. Najua jina la Mathari linaogopesha. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1910 na imebeba aibu ya watu wengi tangu hapo. Lakini madaktari wanaomfaa kakako wako pale, na wengi wanaokwenda kliniki hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kabla ya kwenda, mpigie mama umuulize kwa utaratibu: mjomba aliambiwa anaumwa nini? Alipewa dawa gani, ipi ilimsaidia? Jibu lake laweza kumpunguzia kakako miezi ya kubahatisha, kwa kuwa dawa iliyomfaa jamaa wa damu mara nyingi humfaa na mwingine. Mueleze mama kwamba yale aliyoyaficha kwa aibu yanaweza sasa kumsaidia mwanawe. Nadhani ataelewa.

Ikithibitika ni baipola, daktari anaweza kumpa lithiamu au dawa nyingine ya kutuliza hisia. Lithiamu ni dawa ya zamani na imewaokoa wengi, ila huhitaji kupimwa damu mara kwa mara. Jambo hili liandike mahali: lithiamu ikikutana na uyoga huo mwilini inaweza kuleta degedege. Kwa hiyo daktari aambiwe kila kitu, pamoja na kama kakako ameshaonja chokoleti ile.

Maombi ya mama yasikataliwe. Omba tu yafanyike mchana. Kukesha kunaweza kumrudisha mwenye baipola kwenye mania, na hilo ni kweli kanisani kama ilivyo Ngong. Mchungaji akielezwa hivyo, bila maneno mengi, atapanga saa. Kakako anahitaji kulala na kuamka saa zile zile kila siku, na wewe ndiye unayeweza kumsaidia katika hilo.

Zile 25,000 zitunze kwa ajili ya vipimo, dawa na nauli. Za Sacco zisikukoseshe usingizi kwa sasa. Waambie waliomdhamini kwamba ni mgonjwa, na kwamba mtazungumza akipata nafuu. Madeni yaliyofanywa wakati wa mania humrudia mtu kama aibu, na aibu hiyo ndiyo inayomlaza akielekea ukutani. Mwambie mapema kwamba hamtamhukumu kwa mwezi ule.

Na ikiwa ataenda Ngong bila wewe kujua, au ameshaula? Akirudi ana hofu kali, anasema vitu visivyokuwepo, au halali tena, mpeleke hospitali usiku huo huo, usimfungie chumbani. Akianza kutapika na kuhara saa sita au zaidi baada ya kula uyoga, mkimbize hata kama baadaye anaonekana kupata nafuu, kwa sababu sumu ya ini hufanya hivyo: humtuliza mtu kwa siku moja kisha humrudia. Beba mabaki ya uyoga kwenye karatasi, usitie kwenye mfuko wa plastiki, na umwambie daktari uliliwa saa ngapi na kiasi gani. Usidanganye kwa kuogopa sheria. Daktari anahitaji saa na kiasi ili aokoe ini lake.

Shangazi